Kichocheo si kuni

Kila baada ya muda hurudi mtandaoni ile video ya gari linalotembea kwa maji. Mtu anamimina maji kwenye tangi, anawasha, injini inaunguruma, na watazamaji wanaanza kubishana. Akitokea mmoja akauliza nguvu inatoka wapi, hujibiwa kwa neno moja: kichocheo. Ndani mna kichocheo maalumu. Hapo mjadala huisha, kwa sababu wengi wetu tulitoka darasani tukilijua neno hilo kama jina la kitu chenye uwezo usioelezeka, kinachofanya mambo yatokee bila chenyewe kuguswa.

Naamini neno lenyewe linachangia. Kuchochea, kwa Kiswahili cha kila siku, ni kazi ya aliyekaa mbele ya moto: anasukuma kuni ndani, anapuliza, mwali unapanda. Mchochezi ni yule anayetia maneno ili ugomvi ukolee. Kote huko kuna kitu kinaongezwa, iwe kuni, pumzi au maneno. Basi tukikutana na kichocheo kwenye kemia, picha inayotujia ni ya kitu kinachosukuma na kutia nguvu. Na hilo ndilo jambo ambalo kichocheo cha kikemikali hakilifanyi. Hakitii nishati hata chembe.

Kuna na mkanganyiko wa pili. Homoni nazo huitwa vichocheo, hospitalini na hata vitabuni. Mtu akiambiwa vichocheo vya mwili wake haviko sawa, anaelezwa habari nyingine kabisa. Homoni ni mjumbe: hutoka kwenye tezi fulani, husafiri na damu, hupeleka agizo mahali. Jina limefanana, kazi hazifanani. Kwa hiyo tuyaweke maneno sawa kabla ya kuendelea.

Mmenyuko wa kikemikali hutokea pale vitu vinapokutana na atomu zao zikajipanga upya, vikawa vitu vingine: chuma kikawa kutu, karatasi ikawa gesi na majivu. Kasi ya mmenyuko ni kiasi cha kitu kinachobadilika katika muda fulani; kutu huchukua miezi, baruti huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kichocheo ni kitu kinachoongeza kasi ya mmenyuko na mwishoni kikapatikana kama kilivyokuwa. Kimeng'enya ni kichocheo kilichoundwa na kiumbe hai, na karibu kila mara huwa ni protini.

Mbona karatasi haijiwashi?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini kwangu ndilo mlango wa habari yote. Kitabu kilicho mezani kimezungukwa na oksijeni usiku na mchana. Kwa hesabu ya nishati, karatasi na oksijeni zikimenyuka na kuwa dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji, nishati nyingi hutoka. Hakuna sheria ya maumbile inayozuia. Lakini vitabu hukaa karne na karne. Almasi ni mfano mkali zaidi: katika shinikizo la kawaida la hewa ingepaswa kugeuka kuwa grafiti, ile kaboni nyeusi iliyo ndani ya penseli, na bado hakuna aliyeamka akakuta pete yake imekuwa penseli.

Kinachozuia ni kizingiti. Ili molekuli mbili zimenyuke lazima zigongane, na mgongano peke yake hautoshi. Molekuli za hewa uliyokaa ndani yake sasa hivi zinagongana, kila moja, mabilioni ya mara kwa sekunde, na karibu zote zinadunda tu na kuendelea na safari. Vifungo vya zamani vinatakiwa vilegee kabla vipya havijafungwa, na kulegeza kifungo kunahitaji nishati. Mgongano usio na nishati ya kutosha, au uliokutanisha pande zisizofaa, hauzai kitu. Kiwango hicho cha chini kabisa tukiite nishati ya kuanzishia mmenyuko.

Chukua picha ya mabonde mawili yenye mlima katikati. Bonde la kwanza liko juu kidogo, la pili liko chini. Molekuli ni wasafiri wanaotoka bonde la juu kwenda la chini. Wakifika watakuwa wamepata faida, kwa sababu kule ni chini zaidi, na tofauti ya kimo kati ya mabonde ndiyo nishati inayotoka. Lakini kwanza lazima wapande mlima, na wengi hawana pumzi hiyo. Wachache tu, katika maelfu ya mamilioni, ndio wanaovuka.

Unaweza kuwasaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto. Ukipasha, kila msafiri anapata nguvu zaidi, na wanaoweza kufika kileleni wanaongezeka. Huku ndiko kuchochea kwa maana ya moto na kuni: unaongeza. Ya pili ni kuonyesha njia nyingine, inayopita kwenye pengo la chini kati ya vilele. Nguvu za wasafiri ni zilezile, mabonde yako palepale, hata mlima wenyewe haujaguswa. Ila sasa wengi ambao wasingefika kileleni wanavuka kupitia pengoni. Hiyo ndiyo kazi ya kichocheo.

Mara nyingi husemwa kwamba kichocheo hushusha mlima. Kwa haraka si vibaya, lakini mimi napenda tuseme njia nyingine, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa kweli: mmenyuko wenye kichocheo hupita hatua tofauti na ule usio nacho.

Kiazi ndani ya glasi

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji maabara. Unahitaji kiazi mviringo kibichi, glasi mbili, na peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3, ile inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Usitafute iliyo kali zaidi, maana ile kali huunguza ngozi na ni hatari kwa macho.

Peroksidi ya hidrojeni ni kama maji yaliyobebeshwa oksijeni ya ziada. Ikiachwa huvunjika yenyewe kuwa maji na oksijeni, lakini polepole sana, ndiyo maana chupa inaweza kukaa kabatini miezi mingi. Mimina kidogo kwenye glasi uitazame: imetulia, huenda ukaona kiputo kimoja kimekwama ukutani. Sasa tumbukiza kipande cha kiazi kilichokatwa muda huohuo. Baada ya sekunde chache upande uliokatwa unavaa viputo vidogo kama jasho, kisha viputo vinashikana, povu jeupe linapanda na kukisukuma kipande juu. Ukiweka sikio karibu utasikia mchakacho mwembamba. Ukichukua kijiti kilichozimwa lakini bado kina kaa jekundu nchani, ukakiingiza kwenye povu hilo, kaa linang'aa na wakati mwingine kijiti kinashika moto upya. Hiyo ni oksijeni inayotoka.

Ngoja povu lipungue, mimina kioevu chote, kisha tia peroksidi mpya juu ya kipande kilekile. Povu linaanza tena. Nenda mara ya tatu. Kiazi kingekuwa kinatumika kama kuni, nguvu yake ingekuwa imeisha kwenye glasi ya kwanza.

Kwenye glasi ya pili weka kipande kilichochemshwa hadi kuiva. Kimya. Kiazi ni kilekile kwa vitu vilivyomo, lakini hakuna povu la maana. Ndani ya kiazi kibichi mna kimeng'enya kiitwacho katalasi. Hii ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na nguvu yake yote imo kwenye umbo hilo. Kuchemsha kumelikunjua. Katalasi imo pia kwenye damu, na ndiyo inayofanya peroksidi itoe povu ikimwagwa kwenye kidonda. Watu wengi hudhani povu lile ni uchafu au vijidudu vinavyotoka, kumbe ni kimeng'enya chao wenyewe kikiwa kazini. Molekuli moja ya katalasi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi katika sekunde moja.

Sasa namba kidogo, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo maneno hayalifikishi. Bila kichocheo, kizingiti cha kuvunjika kwa peroksidi ni takriban kilojuli 75 kwa kila moli, kilojuli ikiwa ni kipimo cha nishati na moli ikiwa ni kipimo cha wanakemia cha kuhesabia molekuli. Ukitia iodidi, ambayo ni kichocheo kisicho na uhai, kizingiti kinashuka hadi takriban 56. Tofauti ni 19 tu, karibu robo. Mtu angetarajia kasi iongezeke kwa robo pia. Kumbe, katika joto la kawaida la chumba, kushuka kwa kilojuli 10 peke yake huongeza kasi karibu mara 57, na kushuka kwa 19 huongeza karibu mara 2,000. Sababu ni kwamba idadi ya molekuli zenye nishati ya kutosha hupungua kwa kasi kubwa mno kila kizingiti kinapopanda kidogo. Msweden Svante Arrhenius ndiye aliyeuweka uhusiano huo katika kanuni mwaka 1889, na wanafunzi wa kemia bado wanaitumia kanuni hiyohiyo.

Kinashiriki, tena sana

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kichocheo hakishiriki kwenye mmenyuko, kwamba kinakaa pembeni kama mtazamaji na kuwapo kwake tu kunatosha. Hii imefundishwa vibaya kwa vizazi. Ukweli ni kwamba kichocheo kinashika, kinashikwa, kinabadilika, kisha kinarudi kilivyokuwa. Tunakikuta vilevile mwishoni, tukadhani hakikufanya kitu.

Iodidi inaonyesha hili waziwazi. Molekuli ya kwanza ya peroksidi inampa iodidi atomu moja ya oksijeni, yenyewe inabaki maji. Iodidi inakaa na oksijeni ile kwa muda mfupi, na wakati huo si iodidi tena. Halafu inakutana na molekuli ya pili ya peroksidi, oksijeni mbili zinaungana na kutoka kama gesi, maji mengine yanabaki, na iodidi inakuwa iodidi tena, tayari kwa mzunguko mwingine. Mlima mmoja mrefu umegawanywa kuwa vilima viwili vifupi.

Mfaransa Louis Jacques Thénard aliigundua peroksidi hii mwaka 1818, na akaona kwamba metali na oksaidi fulani (metali zilizoungana na oksijeni) zinaivunja bila zenyewe kuonekana zimepungua. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yakirundikana. Mwaka 1823 Johann Wolfgang Döbereiner, nchini Ujerumani, alielekeza hidrojeni kwenye metali ya platini, laini iliyo kama sifongo, na gesi ikawaka bila kiberiti. Hatimaye Jöns Jacob Berzelius wa Sweden akayakusanya yote mwaka 1835 na kuyapa jina moja, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kulegeza au kufungua. Nikilinganisha na neno letu, naona la Berzelius liko karibu zaidi na kinachotokea. Kichocheo hulegeza vifungo.

Paul Sabatier wa Ufaransa, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, aliongeza jambo la busara: kichocheo kizuri hushika kwa kiasi. Kikishika kwa ulegevu mno, molekuli zinapita bila vifungo vyake kuguswa. Kikishika kwa nguvu mno, matokeo yanang'ang'ania juu yake na nafasi haipatikani kwa wengine. Sehemu kubwa ya utafutaji wa vichocheo hadi leo ni kutafuta hicho kiasi cha katikati.

Kinabadilisha muda, hakibadilishi kimo

Hapa ndipo wanafunzi wengi na wauzaji wengi wa miujiza huteleza. Mimenyuko mingi huenda pande zote mbili. Vitu A na B vinakuwa C, lakini C nayo inaweza kurudi kuwa A na B. Baada ya muda pande zote hulingana kwa kasi, kiasi cha kila kitu hakibadiliki tena, na hali hiyo huitwa msawazo. Swali: je, kichocheo kinaweza kuuhamisha msawazo ili tupate C nyingi zaidi?

Hakiwezi. Rudi kwenye mlima. Njia ya pengoni ikishafunguliwa, inapitika kutoka bonde hili kwenda lile na pia kurudi. Kichocheo huharakisha kwenda na kurudi kwa kiwango kilekile. Tunafika kwenye msawazo mapema, na msawazo wenyewe ni uleule.

Mwili wako unaitumia sifa hii kila unapovuta pumzi. Kwenye chembe nyekundu za damu kuna kimeng'enya kiitwacho anhidrasi ya kaboni. Damu ikipita kwenye misuli, ambako dioksidi ya kaboni imejaa, kimeng'enya hicho kinaiunganisha na maji ili ibebwe ikiwa imeyeyuka kama bikaboneti. Damu ikifika kwenye mapafu, ambako gesi hiyo ni kidogo, kimeng'enya hichohicho kinafanya kazi ya kurudisha: kinaitoa dioksidi ya kaboni ili uipumue nje. Hakuna aliyekigeuza. Mwelekeo umeamuliwa na kilichojaa upande gani. Kimeng'enya kimehakikisha tu kwamba jambo linatokea upesi, karibu mara milioni moja kwa sekunde kwa kila molekuli yake.

Kama ni hivyo, kwa nini viwanda vinahangaika na vichocheo, ikiwa haviongezi mavuno? Jibu limo kwenye amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea za nitrojeni. Hewa ni asilimia 78 nitrojeni, lakini atomu mbili za molekuli ya nitrojeni zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli takriban 945 kwa moli. Kuiunganisha na hidrojeni ili kupata amonia hutoa joto, na kwa sababu hiyo msawazo unapendelea amonia pale joto linapokuwa la chini. Tatizo ni kwamba katika joto la chini hakuna kinachotokea. Ukipasha sana ili mambo yaende, msawazo unarudi nyuma na amonia inavunjika. Ukikimbilia kasi unakosa mavuno, na ukikimbilia mavuno unakosa kasi.

Kichocheo ndicho kinachofungua mkwamo huo, kwa sababu kinaleta kasi bila kudai joto la kupita kiasi. Mwaka 1909 mwanakemia Fritz Haber, huko Ujerumani, alionyesha kwamba inawezekana, akitumia osmi, metali adimu mno. Kampuni ya kemikali ya BASF ikamkabidhi Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kitu cha bei nafuu, naye na wenzake wakapima maelfu ya michanganyiko. Ushindi ukaenda kwa chuma kilichotokana na madini ya Sweden, kikichanganywa na kiasi kidogo cha oksaidi za alumini na potasi. Carl Bosch akaubuni mtambo wa kuhimili shinikizo, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza. Hali ya kawaida ya mitambo hiyo ni nyuzi 400 hadi 500 za Selisiasi na shinikizo la mara 200 hivi ya hewa ya kawaida. Hata hapo, kila gesi inapopita juu ya chuma ni takriban asilimia 15 tu inayogeuka. Amonia inapozwa na kutolewa, gesi iliyobaki inarudishwa kuzunguka tena. Kinachotokea juu ya uso wa chuma, jinsi nitrojeni inavyotua, inavyopasuka na kupokea hidrojeni moja baada ya nyingine, kilikuja kuelezwa hatua kwa hatua na Gerhard Ertl, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2007.

Niseme na jambo moja la kuweka mizani. Vitu vilevile vikiwa na mabonde kadhaa ya kuendea, kichocheo kinaweza kuamua lipi lifikiwe kwanza. Mvuke wa ethanoli, yaani pombe, ukipita juu ya oksaidi ya alumini yenye moto hupoteza maji na kuwa gesi ya ethilini. Ukipita juu ya shaba yenye moto hupoteza hidrojeni na kuwa ethanali. Mabonde yote mawili yalikuwapo tangu mwanzo; kila kichocheo kimefungua njia yake.

Kuzeeka na kutiwa sumu

"Hakitumiki" si sawa na "hakiharibiki". Kwenye bomba la moshi la magari mengi ya petroli kuna kifaa ambacho mafundi hukiita masega, kwa jinsi kilivyojaa vitundu. Wengi wanadhani ni chujio la masizi na kwamba likitolewa gari linapumua vizuri. Si chujio. Kuta za vitundu vile zimepakwa tabaka jembamba lenye gramu chache za metali za platini, paladi na rodi. Vikishapata joto la kama nyuzi 250 hadi 300, moshi ukigusa kuta zile, monoksidi ya kaboni na petroli ambayo haikuungua hugeuka kuwa dioksidi ya kaboni na maji, na oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu na inaua. Aliyeondoa masega haoni tofauti kwa macho, na hapo ndipo hatari ilipo.

Magari mengi yalianza kufungwa masega nchini Marekani kwa matoleo ya mwaka 1975, na petroli isiyo na risasi (ile metali nzito) ikalazimika kuja pamoja nayo. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilikuwa inatanda juu ya platini na kuziba sehemu ambazo molekuli zilipaswa kutua. Wanakemia huita hali hiyo sumu ya kichocheo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli yenye risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Neno sumu hapa si la kukopa tu. Sianidi huua kwa kufanya jambo hilohilo ndani yetu: inakamata chuma kilichomo kwenye kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji wa seli. Damu inabaki imejaa oksijeni, seli haziwezi kuitumia. Kutegemea kwetu vimeng'enya ni kukubwa kuliko tunavyofikiri. Kuna hatua moja katika utengenezaji wa matofali ya DNA na RNA, molekuli zinazobeba maagizo ya urithi, ambayo, bila kimeng'enya chake, ingechukua takriban miaka milioni 78 kwa nusu tu ya molekuli kubadilika. Kikiwapo, inachukua sehemu ndogo ya sekunde.

Wala kila kichocheo si rafiki. Atomu moja ya klorini iliyotoka kwenye gesi za majokofu ya zamani ikifika juu angani huinyang'anya ozoni, gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua, oksijeni yake, huikabidhi kwingine, hurudi kuwa klorini na kuanza upya. Wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walilionya jambo hilo mwaka 1974. Atomu hiyo moja inaweza kuharibu molekuli za ozoni zinazofikia 100,000 kabla haijanaswa na kitu kingine. Kwa kuwa klorini haitumiki, kiasi kidogo kilitosha kuleta madhara makubwa, na ndiyo maana Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulilenga kuzifunga gesi hizo kwenye chanzo.

Turudi kwenye gari la maji

Maji ni majivu ya hidrojeni. Hidrojeni ikiungua, kinachobaki ni maji, kama kuni zinavyobaki majivu. Kwenye picha yetu, maji yamekwisha kufika bonde la chini. Kuyarudisha kuwa hidrojeni na oksijeni ni kupanda, na kichocheo kinaweza kukupunguzia mlima wa katikati lakini hakiwezi kupunguza tofauti ya kimo kati ya mabonde. Kingeweza, ungeyavunja maji kwa nishati kidogo, ukaichoma hidrojeni kupata nishati nyingi, ukayavunja tena maji yaleyale, ukizunguka milele na faida mkononi. Maumbile hayana mlango huo.

Ukiiona video, tafuta kinachoisha. Kama ni betri, basi gari linaendeshwa na betri. Kama ndani mna alumini au metali nyingine inayomenyuka na maji, basi metali hiyo ndiyo mafuta, itakwisha na itabidi inunuliwe tena. Kitu kinachoisha hakiwezi kuwa kichocheo.

Lakini vichocheo vina kazi kubwa ya kweli kwenye maji. Kupata kilo moja ya hidrojeni kwa kuyapasua maji kunahitaji nishati ya angalau kilowati-saa 39, yaani sawa na uniti 39 za umeme. Hiyo ndiyo tofauti ya kimo, haina punguzo. Mitambo iliyopo hutumia kama 50 hadi 55. Ziada ile ni mlima wa katikati pamoja na upotevu mwingine wa mtambo, na mlima ndiyo sehemu ambayo kichocheo bora kinaweza kuipunguza. Aina moja ya mitambo hiyo hutegemea metali adimu iitwayo iridi, ambayo dunia nzima huzalisha chini ya tani 10 kwa mwaka. Ndiyo maana maabara nyingi sasa zinapima nikeli, kobalti na chuma, kwa uvumilivu uleule wa Mittasch: mchanganyiko baada ya mchanganyiko, wakitafuta kinachoshika oksijeni kwa kiasi, kisha kikaiachia.